Tangi Chini ya Kiti cha Dereva

Tulifika pale jua likiwa limebakiza kidole kimoja kuzama. Nililipima. Nilinyoosha mkono, nikaweka kidole kati ya jua na ardhi, nikamwambia shemeji yangu Ngeleja kwamba tukifungua haraka tutakuwa barabarani kabla ya giza.

Tulichofuata ni tangi la mafuta tu.

Marehemu baba yangu, mzee Thomasi, aliniachia Landrova ya zamani, ile ambayo tangi lake linakaa chini ya kiti cha dereva. Gari hilo lilibeba wajawazito, wagonjwa na maiti za nusu ya kata yetu. Binti yangu Wilhelmina alipochumbiwa alisema hataki gari la kukodi, ataingia kanisani na Landrova ya babu. Ngeleja, mume wa mdogo wangu Anna, ni fundi ambaye Bariadi yote inamjua. Aliifufua injini kwa wiki tatu. Tangi ndilo lililomshinda. Akiziba hapa, linavuja pale, mpaka bati likawa linamong'onyoka kwa kidole.

Tulitafuta jingine Mwanza. Tukatafuta Shinyanga. Tukauliza kwenye magrupu ya simu. Hakuna. Ndipo Jilala, anayenunua vyuma chakavu vijijini, akanipigia. Alisema ameona Landrova kama yetu imekufa kwenye mji wa mtu, mbele ya Nkololo unapoelekea Meatu. Kijiji sitakitaja. Jilala alisema aliiona kutoka barabarani, hakushuka kwenye pikipiki yake. Sikumuuliza kwa nini.

Tuliondoka na pikipiki yangu saa sita mchana. Tulipata pancha mbili njiani. Ndiyo maana tukafika jioni.

Mwenye mji nitamwita Luhaga. Si jina lake. Huku kwetu watu wamewahi kukatwa mapanga kwa maneno madogo kuliko haya, na mimi sitaki damu nyingine juu yangu.

Alikuwa mtu wa makamo, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Tulimkuta anafuta kioo cha mbele cha gari kwa kitambaa kibichi. Anafuta taratibu, kama dereva anayejiandaa kwa safari.

Gari halikuwa na matairi. Lilikaa juu ya mawe manne. Boneti ilikuwa wazi, na pale penye injini palikuwa pamejaa majani marefu.

Lakini kioo kiling'aa.

"Mwadila," tukamsalimia. Akaitikia vizuri, akauliza habari za Bariadi, za mvua, za pamba. Nikamweleza kilichotuleta. Nikajua sasa atataja bei. Hakutaja. Alisema tangi tuchukue, yeye hana kazi na bati. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu aliye kwenye nyumba yenye maiti.

"Dereva ni nani kati yenu?"

Swali la kawaida kabisa. Hata sasa nikilirudia naona halina kitu. Lakini alipouliza, kuna sauti ilikoma nyuma ya nyumba. Sauti ya kutwanga. Sikuwa nimeisikia tangu tufike. Niliitambua kwa sababu ilikoma. Mitwangio mingi, yote kwa mara moja. Kimya...

Kama watu wanaosubiri jibu.

Dereva ni mimi. Nina miaka ishirini na sita kwenye usukani. Ngeleja hata leseni hana. Anaendesha gari kulitoa gereji na kulirudisha, basi. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Kidole kikaelekea kwa shemeji yangu.

"Ni huyu," nikasema.

Ngeleja akanitazama, akacheka kidogo. Alidhani ni utani wa mashemeji.

"Haya, ni mimi," akasema.

Luhaga akatikisa kichwa kukubali. Nyuma ya nyumba, kutwanga kukaendelea.

Tulifanya kazi haraka. Ngeleja aliinua mto wa kiti, akautoa mkono ghafla. Akaniambia niguse. Nikagusa. Mto ulikuwa na joto. Si joto la jua, kwa sababu kiti kilikuwa kivulini. Lilikuwa joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Usukani nao ulikuwa umelainika pande mbili, pale mikono inaposhika, na haukuwa na vumbi.

Chini ya kiti, tangi lilikuwa zima. Halina kutu hata kidogo. Ngeleja akaligonga kwa spana ili tusikie mlio wa bati tupu.

Halikulia. Lilikuwa limejaa mpaka juu.

Tukatazamana. Gari halina injini, halina matairi, limekaa juu ya mawe miaka isiyojulikana. Nani analijaza? Nilitaka tuondoke. Nilifikiria harusi, nikafikiria pancha mbili na jua lote lile tulilopigwa, nikanyamaza. Ngeleja alichukua kipande cha mpira, akakitumbukiza, akavuta kwa mdomo kama mafundi wote wanavyovuta petroli. Ilikuja kwa nguvu kuliko alivyotegemea. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Alikuwa amemeza.

Alikaa amechuchumaa, mpira mkononi, kimiminika kikitiririka chini. Harufu ya kwanza ilikuwa ya petroli. Ya pili ilikuwa ya nguo za mtu aliyelima kutwa nzima.

"Ina chumvi, shemeji," akanong'ona.

Luhaga akaja na chungu, akakiweka chini ya mpira bila kumwaga tone jingine. Alisema hii inabaki, sisi tuchukue bati letu. Nilimshukuru, "Wabeja." Sijui kwa nini nilimshukuru.

Tulipotoka giza lilikuwa limeanza kuingia. Ngeleja alikaa nyuma yangu, amelikumbatia tangi tupu. Tulikwenda kilomita mbili. Kisha nikahisi mguu wake wa kushoto ukinikanyaga kisigino. Ukakanyaga, ukaachia. Mguu wa kulia ukanikanyaga, ukaachia. Nilidhani anatafuta pa kuweka miguu. Nikahisi tena. Kushoto, kulia. Nikaelewa.

Alikuwa anakanyaga klachi na breki.

Pikipiki ikawa nzito. Kwenye kilima kidogo karibu na Nkololo, ambacho huwa nakipanda na gunia mbili za mahindi, injini ililia mpaka nikarudisha gia namba moja. Niliangalia kioo cha pembeni. Niliona uso wa shemeji yangu tu na giza nyuma yake. Lakini taa ya mbele ilikuwa imeinuka na kumulika matawi ya miti, kama chombo kilichopakiwa kupita kiasi nyuma.

Ngeleja akaweka mdomo sikioni kwangu.

"Shemeji, punguza mwendo," akanong'ona. "Wa nyuma wanadondoka."

Sikupunguza. Niliendesha hivyo hivyo mpaka taa za Bariadi.

Nilimwacha kwa mdogo wangu Anna, nikamwambia mumewe amechoka na jua. Kesho yake hakuamka kwenda gereji. Alilala mchana kutwa kama aliyekesha. Jua lilipokaribia kuzama aliamka mwenyewe, akatoa kigoda nje, akakaa ameelekea barabara, mikono imeshika hewa mbele ya kifua. Anna alimwita, hakugeuka. Asubuhi alimkuta kitandani, nyayo zimeganda udongo mweusi wa mbugani. Kwao, mtaani, ardhi yote ni mchanga.

Tulimpeleka hospitali. Walipima damu, walipima kila kitu, hawakuona ugonjwa. Katekista alikuja kusali. Ngeleja aliitikia sala zote vizuri, kisha akamwomba katekista asogee kidogo, amekaa juu ya watu.

Anna hakulia. Mdogo wangu si mtu wa kulia. Alinivuta kando akaniuliza nini kilitokea kule. Nikamweleza mpira, chumvi, pikipiki nzito. Nilimweleza yote.

Isipokuwa kidole changu.

Siku ya tisa nilifunga tangi kwenye pikipiki nikalirudisha. Nilikwenda asubuhi, jua kali, nikijipa moyo kwamba mchana hakuna kitu. Luhaga alikuwa palepale, shati lilelile jeupe, anafuta kioo. Aliniitikia kwa adabu. Nilishusha tangi miguuni kwake, nikamwomba alipokee na amwachie shemeji yangu.

Alilitazama tangi kama mtu anayeoneshwa kitu cha jirani. Alisema hakuuza bati na hawezi kulipokea. Akafungua mlango wa dereva ili nione. Chini ya kiti kulikuwa na tangi jingine, zima, halina kutu. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea, umelowa jasho. Kwenye sakafu, pale penye pedeli, kulikuwa na alama mbili mbichi za udongo mweusi.

Nikapiga magoti. Nilimwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikasema dereva ni mimi, yule ni fundi tu, nilidanganya.

Luhaga akaacha kufuta. Nyuma ya nyumba kutwanga kukakoma.

"Basi unataka mbadilishane?" akauliza.

Aliuliza bila ukali. Akasogea pembeni, akaniachia nafasi. Mlango ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa hatua mbili kutoka nilipopiga magoti. Nilijua nikikaa pale, shemeji yangu ataamka Bariadi na kuomba uji. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu.

Nilisikia pumzi nyuma ya nyumba... pumzi za watu wengi, zinapanda na kushuka pamoja.

Nilimfikiria Wilhelmina. Nilimfikiria mke wangu. Hayo ndiyo ninayojiambia. Kusema kweli sikumfikiria mtu. Niliogopa tu, kama mtoto.

Nilisimama, nikawasha pikipiki, nikaondoka. Tangi nikaliacha pale chini.

Ngeleja alikufa jioni ileile, amekaa kwenye kigoda. Anna alisema aliinua mguu wa kushoto, akaushusha taratibu, akasogeza mkono kama anayeingiza gia, akafumba macho.

Tulimzika kwao Mwamanyili. Tulibeba jeneza watu sita, na tulipoliinua tulitazamana wote sita, kwa sababu mikono yetu ilikwenda juu mno. Lilikuwa jepesi. Hakuna aliyetamka neno msukule. Ukilisema neno kama hilo makaburini, watu watataka kufungua, na wakifungua watataka kujua. Tukafukia.

Harusi ilifanyika. Fundi mwingine alifunga dumu la plastiki karibu na injini, akapitisha mpira, na Landrova ya baba ikafika kanisani. Watu walipiga vigelegele. Mimi ndiye niliyeendesha. Njia nzima nilikuwa natazama kioo cha nyuma, na binti yangu alidhani namtazama yeye.

Baada ya arobaini Jilala alinipigia. Alisema amemwona Anna kwenye barabara ya Nkololo, yuko peke yake, amebeba chakula kwenye hotipoti. Sikulala. Kesho yake, Jumamosi, Anna alikuja kwangu. Alikaa, akanywa chai mpaka kikombe kikaisha. Kisha akaniambia ameonana na yule bwana. Amepokelewa vizuri. Hakuruhusiwa kuingia nyuma ya nyumba, lakini hotipoti ilipelekwa, na ikarudi tupu, imeoshwa kwa namna ambayo Ngeleja peke yake huosha, mfuniko umegeuzwa juu chini.

"Ameniambia nafasi bado ipo," akasema Anna. "Ya kubadilishana."

Nilisubiri aniombe. Nilisubiri anilaumu, anipige, aite ndugu. Hakufanya hata moja. Aliaga, akaondoka.

Tangu siku hiyo huja kila Jumamosi. Hunisalimia kama kaka yake, huuliza habari za Wilhelmina, hunywa chai huku ananitazama. Haombi kitu. Mke wangu anasema ni upweke, nimvumilie.

Jana amekuja na ovaroli ya Ngeleja. Ameifua, ameipiga pasi, ameongeza pindo la miguu, kwa sababu mimi ni mrefu kuliko marehemu. Ameitundika mgongoni mwa kiti ninachokalia, akaulainisha ukosi kwa kiganja, akaenda zake.

Nimeijaribu leo. Inanitosha.