Springi Ngumu za Upande wa Kushoto

Mwanamke alikuwa amemshika mume wangu mkono.

Si kumsalimia. Amemshika hasa, vidole vimepita kwapani, wanashuka ngazi taratibu kama watu walioanza mapenzi jana.

Mimi niko nyuma ya nguzo, helmeti ya pikipiki bado iko kichwani.

Wakafika kwenye gari letu. Yule mwanamke akafungua mlango wa mbele wa kushoto... akamkalisha mume wangu kwenye kiti changu, akamfunga na mkanda.

Ndugu zangu wa humu, najua vidole vyenu vimeshaanza kuandika "achana naye". Subirini kwanza niwaambie nilifikaje nyuma ya ile nguzo.

Nilifikishwa na shokapu.

Tuna gari moja la juu, la siku nyingi, lile lenye tairi ya akiba mgongoni. Limetuzeekea mikononi. Mume wangu ni mchora mabango, na mimi nashona sare za shule. Siku za kazi gari linabeba ngazi na rangi zake. Jumapili linatubeba sote na watoto kwenda kwa mama mkwe.

Basi mbele pakaanza kugonga. Shimo, ko. Tuta, ko. Mimi kelele ya namna hiyo ikiniingia haitoki, hata nikiwa kwenye cherehani naisikia.

"Baba watoto, gari linagonga."

"Gari la zamani lazima liongee."

"Lipeleke kwa fundi."

"Nikipata nafasi."

Nafasi haikupatikana. Mwezi ukaisha. Nikachukua funguo mwenyewe.

Fundi akapiga jeki, akavua tairi zote mbili za mbele, akachungulia. Kisha akaniita kwa kidole.

"Dada, kulia shokapu imechoka lakini bado inapumua. Njoo uone kushoto."

Kushoto shokapu, ile bomba ya kupunguza mtikisiko, ilikuwa imelowa mafuta kama samaki wa kukaanga. Springi imekatika mkunjo wa chini.

"Na rimu ya tairi imepinda," akasema. "Kushoto kunateseka sana. Nani anakaa huku?"

"Mimi. Jumapili."

Akanitazama juu mpaka chini. Mimi ni mwembamba, wanangu huniita fimbo.

"Dada," akasema, "wewe huwezi kuvunja springi."

Alikuwa anatania. Naapa alikuwa anatania, maana alicheka na kurudi kwenye spana zake. Lakini mimi sikucheka. Nilibaki nimekiangalia kile kiti.

Nani anakaa kwenye kiti changu Jumatatu mpaka Jumamosi?

Hapo ndipo akili ilipoanza kutembea peke yake. Nikakumbuka Alhamisi. Kila Alhamisi mchana simu yake haipatikani. Nikakumbuka siku hizi hanitazami vizuri usoni, nikimpa kikombe anakipapasa kama mtu aliye mbali. Kumbe!

Nikaenda duka la spea huku damu inachemka.

Muuza spea akanipangia shokapu juu ya kaunta. Hizi mtumba, zimetoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Hizi mpya za bei ya chini, rangi nyingi, maisha mafupi. Hizi mpya za maana. Nikachukua za maana, sikubishana.

"Na springi?" akauliza. "Zipo laini, kama zile gari lilizozaliwa nazo. Zipo na ngumu, za watu wanaofunga vyuma vizito mbele. Wewe mbele unabeba nini?"

"Mtu."

"Mmoja?"

"Mmoja. Bonge."

Akacheka. "Mama, mtu hata awe bonge vipi, za kawaida zinatosha."

"Nipe ngumu kuliko zote."

Mnajua nilichokuwa nawaza? Nilikuwa nawaza huyo bibi akipanda, gari lipige shimo moja tu, aruke kichwa kigonge paa na nywele zake za bandia zibaki huko juu. Ndiyo. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, nachagua springi za kumkomoa mtu nisiyemjua.

Nikampelekea fundi. "Hizi ngumu zifunge kushoto tu. Kulia acha zilizopo."

Akaweka spana chini.

"Dada, hizi hubadilishwa pea. Nikifunga ngumu huku na kuukuu kule, siku utakayofunga breki za ghafla gari litakuvuta pembeni. Mimi siui watu."

"Basi pande zote."

"Mtaruka."

"Waruke."

Akabana springi kwa vyuma vyake, akazipachika juu ya shokapu, akafunga.

Jumapili ikafika, na hasira ilikuwa imenisahaulisha jambo moja. Jumapili anayekaa kushoto ni mimi.

Niliruka njia nzima. Watoto nyuma wanacheka mpaka wanakohoa.

"Mama, umekuwa popcorn!" akasema mkubwa.

Mume wangu hakucheka. Ameshika usukani kwa mikono miwili, shingo ameinyoosha mbele. Tukafika penye shimo, shimo la kuzika mbuzi, liko kushoto wazi kabisa. Akaliingia mzimamzima.

"Hukuliona?"

"Nililiona. Nilikuwa nakwepa lingine."

Lingine gani? Barabara ilikuwa tupu. Nikajisemea, mwili uko hapa, moyo uko Alhamisi. Nikaanza kuhesabu siku.

Alhamisi nikafunga cherehani mapema. Gari lake likatoka, nikapanda pikipiki.

"Lifuate lile. Usilikaribie."

Dereva wa pikipiki akaniangalia kwenye kioo. "Mume?"

"Endesha."

Mbele yetu gari likawa linayumba. Linakwenda katikati ya barabara, linarudi kushoto, tairi inapanda ukingo, ko. Mtu wa mkokoteni akaruka mtaroni na kupiga kelele. Mume wangu hata hakugeuka.

"Dada," akasema dereva, "huyu amelewa?"

"Hanywi."

Nikaingiwa na wasiwasi wa aina nyingine, lakini wivu ulikuwa umekaa mbele na mambo mengine yote yamekaa nyuma. Akaegesha uani mwa jengo la ghorofa, akapanda ngazi akiwa ameshika ukuta. Nikajibanza nyuma ya nguzo, nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi.

Ndipo wakashuka, yeye na yule mwanamke.

Nilitoka pale kwenye nguzo kama mshale.

"Wewe ni nani wa kumfunga mkanda mume wangu?"

Yule mwanamke hakushtuka hata kidogo. Akanitazama, akatazama helmeti yangu, kisha akashusha pumzi.

"Wewe ndiye mke?"

"Ndiye mimi."

"Afadhali umekuja. Mimi ni nesi wa kliniki ya macho, hapo juu. Kila Alhamisi tunamwambia asije peke yake. Anasema mke wake ana kazi nyingi."

Nikageuka kumwangalia mume wangu. Mboni zake zilikuwa zimepanuka kwa dawa, nyeusi tupu. Alikuwa anageuza kichwa kutafuta sauti yangu inatokea wapi.

"Mama watoto?"

Nilikuwa nimesimama kushoto kwake, hatua moja.

Hakuniona.

"Ni presha ya macho," nesi akasema taratibu. "Jicho la kushoto limeshakwenda. La kulia daktari anataka kulifanyia upasuaji, na yeye anaahirisha. Na tulishamkataza kuendesha, ndiyo maana leo nimemkalisha huku nimtafutie dereva."

Kumbe kiti changu hakikuwa na mtu. Fundi aliniambia rimu imepinda, nikasikia "nani anakaa huku" tu. Uzito wa mtu haupindi rimu. Kinachopinda rimu ni mashimo na kingo za barabara, na yeye alikuwa anazipiga moja baada ya nyingine kwa sababu upande ule haupo machoni pake.

Mngedhani nilimkumbatia. Sikumkumbatia.

"Jumapili," nikasema. "Jumapili ulikuwa unaendesha na wanangu nyuma."

Akashikashika mkanda kifuani.

"Nijibu."

"Naifahamu njia," akasema. "Naijua kwa moyo."

"Na mtoto wa mtu akivuka? Naye unamjua kwa moyo?"

Akaanza kulia, mboni zile kubwa zikilowa. "Mimi ni mchora mabango. Nani atampa kazi mchora mabango kipofu? Nikikwambia wewe, jambo limekuwa kweli."

Nilimpenda na nikatamani kumpiga, vyote kwa pamoja. Wallahi ingekuwa mwanamke mwingine, ningejua namna ya kugombana naye.

Nikanyoosha mkono. "Funguo."

Akanipa. Nikapanda naye ngazi tena, siku ya upasuaji ikapangwa mbele yangu.

Mimi leseni ninayo, uoga ndio ulikuwa unanikalisha kushoto. Siku ile nikaendesha mwenyewe, jasho mpaka kwenye viatu, na kila tuta mume wangu alikuwa anarushwa kwenye kiti nilichokitegea mtego.

Daktari alikuwa amesema wazi: akishafanyiwa, asiiname, asinyanyue kizito, asitikiswetikiswe.

Kesho yake asubuhi nilikuwa mbele ya kaunta ya spea, nimezibeba mikononi springi mbili alizozifungua fundi.

"Nibadilishie. Nataka zile laini."

Muuza spea akazigeuza geuza. "Mama, hizi bado mpya. Zina ubaya gani?"

"Hazina ubaya. Nilizichagua kwa hasira."

Akaleta zile za kawaida.

Jicho la kulia limepona. La kushoto halikurudi. Mabango bado anachora, ila siku hizi anachora madogo, na mkubwa wetu anamwangalizia mstari kama umenyooka. Wateja aliwaambia mwenyewe kuhusu macho yake. Wawili waliondoka, waliobaki wamebaki.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi tulibakiza mita chache tu kukifikia hicho kilio, na kingekuwa cha mtoto wa mtu.

Nawe unayesoma hapa huku umeshika simu ya mumeo au mkeo, unatafuta jina la mtu... siku mwenzio akianza kubadilika, kabla hujamtafuta mwizi, muulize anaumwa wapi.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwa mama mkwe. Naendesha mimi, yeye kushoto, gari linapita kimya kabisa.

"Wameitengeneza hii barabara?" akauliza.

"Hawajaitengeneza," nikamwambia. "Mashimo yako pale pale. Sasa kuna mtu anayeyaona."