Wanne Walionyamaza

Kila asubuhi Ariane alipoamka, mama yake, Emérithe, alikuwa ameshaondoka. Saa hizo mama alikuwa Kista, upande wa pili wa Stockholm, akisafisha ofisi kabla wenyewe hawajafika. Baba yake, Herménégilde, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku, na kabla ya kulala alisikiliza habari za Kiswahili redioni. Ilikuwa Oktoba mwaka 2006. Uchaguzi ulikuwa umepita, waziri mkuu mmoja amejiuzulu na mwingine ameingia.

"Ameshindwa, akaaga, akaenda zake," baba alisema kwa mara ya ishirini. "Hata risasi moja haikulia!"

Ariane alikunywa chai yake haraka haraka. Aliamka na hasira, kwa sababu siku hiyo bunge la darasa lingekutana kumhoji, naye ndiye aliyekuwa waziri mkuu wa darasa la sita.

Bunge hilo lilianzishwa na mwalimu wao, Josefin, ili wanafunzi wajue nchi inavyoongozwa. Stellah, aliyechaguliwa kuwa spika, ndiye aliyependekeza jina la waziri mkuu, kisha darasa zima likapiga kura.

"Hapa kwetu waziri mkuu hahitaji kupendwa na wengi," Josefin alieleza. "Anahitaji tu asikataliwe na zaidi ya nusu."

Wanafunzi walikuwa ishirini na wanne, kwa hiyo wa kumkataa walipaswa kufika kumi na watatu. Siku ya kura, tisa walimtaka Ariane, kumi na mmoja wakamkataa, na wanne hawakusema ndiyo wala hapana. Ariane akapita.

Wanne hao walikuwa Malik na wenzake watatu, nao hawakunyamaza bure. "Tutakuachia njia," Malik alikuwa amemwambia, "ila safari ya kambi isiangukie Idi." Ariane alikubali, tena kwa kiapo. Safari hiyo ya siku mbili kando ya ziwa ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa.

Lakini mwenye kambi alipomtajia nafasi, ilikuwa siku ya Idi yenyewe. Ariane aliichukua papo hapo. Wale ni wanne tu, alijiambia, kwa nini nijisumbue?

Bunge lilipokutana, Malik alisimama. "Ahadi ni deni, Ariane. Ulituahidi."

"Nafasi ilikuwa hiyo tu," Ariane alisema, ingawa hakuwa ameuliza nyingine. "Halafu ninyi mnadai nini? Hamkunipigia kura hata moja!"

"Kweli hatukukupigia," Malik alijibu taratibu. "Tulikuacha ukae. Sasa hatukuachi."

Stellah aliitisha kura ya kutokuwa na imani. Wale kumi na mmoja wakanyoosha mikono, kisha wale wanne. Ariane alihesabu mara mbili, na mara zote alipata kumi na watano.

"Wamenipindua!" alilia alipofika nyumbani, katika kitongoji cha Alby.

Baba aliweka kikombe chini. "Wamekupindua? Huku Sweden?" Huko Burundi alikotoka, neno hilo halikuwa la mchezo. Asubuhi iliyofuata, badala ya kulala, alivaa suti ya kanisani, akafunga tai, akaongozana na binti yake hadi shuleni kudai haki.

Kiswidi cha baba kilitosha kununulia mkate, basi. Ariane ndiye aliyemtafsiria kila mahali, hospitalini hata ofisi za serikali. Josefin alizungumza kwa muda mrefu: Ariane alitoa ahadi, akaivunja, na hakujitahidi kutafuta siku nyingine.

"Anasema wamenichoka," Ariane alitafsiri.

Baba alimkazia macho. "Mwalimu amemwaga gunia zima, wewe unaniletea punje moja? Rudia!"

Ilibidi arudie, neno kwa neno, uso ukimwaka kwa aibu. Hakuna kazi ngumu kama kusoma mashtaka yako kwa mdomo wako mwenyewe. Baba alilegeza tai. Alikuja kumtetea mwanawe, na kesi ikamfia mkononi.

"Sasa nani anaongoza?" aliuliza.

"Ariane," alijibu Josefin. "Serikali iliyoanguka huendelea na kazi za kila siku mpaka mpya ipatikane."

Ariane alitaka kupiga kelele. Wamemfukuza, na bado wanataka awatumikie! "Si wapige simu wenyewe kambini?"

"Aliyeharibu ni nani?" baba aliuliza. "Chukua simu."

Ariane akapiga, na safari hii aliuliza swali ambalo hakuliuliza mwanzo: je, kuna siku nyingine? Zilikuwepo. Siku mbili nzima, wiki ya pili ya Novemba. Mazungumzo yote hayakuchukua hata dakika tatu. Ariane alikata simu akiwa amekasirika upya, ila sasa alijikasirikia mwenyewe.

Bunge lilipokutana tena, alizisoma tarehe mpya. "Mara ya kwanza sikuuliza," alisema. "Malik, nimekosa. Nisameheni."

Moyoni alitumaini kwamba watamrudisha. Hawakumrudisha. Stellah alimpendekeza Valéry. Kumi na mmoja walimtaka, tisa wa Ariane wakamkataa, na wale wanne wakanyamaza tena. Ariane alimkabidhi Valéry faili la safari.

"Wale wanne," alimnong'oneza, "wasikilize kabla hawajanyoosha mikono."

Jioni, kabla baba hajaenda kazini, walikula maharage na ndizi.

"Inaniuma, baba," Ariane alisema.

"Acha iume. Kiti cha uongozi ni cha kuazima, mwanangu. Ahadi ndiyo iliyokukalisha, na ulipoivunja, wenyewe wakakitaka kiti chao." Baba alimsogezea sahani. "Mimi nilikimbia nchi yangu kwa sababu ya watu waliokataa kushuka. Wewe umeangushwa, ukatengeneza ulichoharibu, ukakabidhi faili. Na leo hakuna aliyekimbia nyumba yake. Haya, kula."

Mama akamwongezea maharage.