Nafasi Nyuma ya Soko

Nafasi ilikuwa wazi, na hilo ndilo lililomshangaza Mwanaheri. Jumamosi asubuhi, nyuma ya soko kuu la Morogoro, shule karibu zinafunguliwa, watu wanaegesha mpaka juu ya mitaro, halafu pale pamekaa patupu kana kwamba hakuna anayepaona.

Alikuwa amezunguka soko na gari lake mpaka amechoka. Mwenye gari la Noah alishamtukana, dereva wa bajaji alishamcheka, mama wa mchicha alishamfukuza mbele ya beseni lake. Kwenye kiti cha nyuma alikaa bintiye Raya, wa miaka saba, akiimba. Walikuwa wamefuata sare yake mpya.

Mzee wa kanzu na kofia akajitokeza, akampungia mkono: njoo, njoo, kata kulia, hapohapo. Kisha akasogea dirishani, akagonga kioo kwa kucha.

"Hodi."

Mwanaheri macho yalikuwa kwenye kioo cha pembeni, mguu kwenye breki. Akajibu bila kufikiri, kama tunavyojibu sote.

"Karibu, baba."

Hakuna mlango uliofunguliwa, lakini gari lilididimia nyuma kama limepakiwa magunia ya mpunga. Dirishani hapakuwa na mtu tena. Harufu ya udi ikajaa ndani, udi uliochanganyika na udongo mbichi wa kaburi, Raya akaacha kuimba katikati ya neno, na Mwanaheri alipovuta kitasa kitasa hakikuvutika, na honi alipoibonyeza haikulia, na nje watu walipita na mifuko yao bila hata mmoja kugeuza shingo.

"Raya," akanong'ona. "Shuka, mwanangu."

"Babu anasema nisishuke."

"Babu gani?"

"Huyu hapa. Anasema amenipenda. Utashuka wewe, mimi nabaki naye."

Mwanaheri aliogopa. Lakini kwao Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hagawiwi mtu barabarani. Akaanza kwa adabu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Ilitoka kinywani mwa Raya. Sauti nzito, ya mzee wa miaka na miaka, na ilikuwa imefurahi.

Hapo ndipo alipoudhika. Mwalimu wa chekechea, kazi yake kufundisha watoto kusalimia, leo mwanawe wa kumzaa ndiye wa kumpokelea shikamoo! Akageuka mzimamzima kitini, akamkazia mtoto macho. Macho ya mtoto hayakupepesa.

"Kinywa hicho nimekizaa mimi," akasema polepole. "Kinaniamkia, hakinipokelei. Niamkie."

Akamsogelea zaidi.

"Si umeamua kukaa humo? Basi wewe ni mtoto wangu. Niamkie."

Midomo ya Raya ikacheka, ikalia, ikatema Kiarabu na Kiluguru cha zamani, ikamwahidi majumba, ikamwahidi misiba, vioo vikajaa ukungu, viti vikatetemeka, na kila iliponyamaza kuvuta pumzi Mwanaheri alikuwa palepale, jasho linamchuruzika, na neno lake ni lilelile. Alijua anachokifanya. Jini mzee ana kiburi. Atakufanyia kila ubaya, ila kumwamkia mwalimu wa chekechea wa mtaa wa Kihonda, hilo hawezi.

"Mimi sitoki hapa," akasema. "Unajua nilivyohangaika kupata parking? Niamkie."

Gari likanyanyuka nyuma. Mlango ukafunguka wenyewe, ukajibamiza, na makelele ya soko yakaingia yote kwa pamoja.

"Shikamoo, mama," akasema Raya kwa kasauti kake kembamba.

Mwanaheri akamvuta kifuani. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akaitikia kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara, ili na huyo aliyeteremka asikie.

"Marahaba, mwanangu."