Shati Ndani ya Handaki

Haya yalimpata shoga yangu dobi, ambaye hata uongo mdogo humshinda. Mchana kweupe alimfuata kuku wake aliyekwenda kutaga mpaka kwenye handaki bovu la wanajeshi, nyuma tu ya kamba zake za nguo.

“Yai moja ndilo likutie kaburini?” jirani alimtania.

Akaingia. Mwanawe wa pekee alichukuliwa jeshini miaka tisa iliyopita, hakurudi yeye wala maiti yake. Ndani kiza totoro, vumbi kavu mpaka kwenye vifundo. Akasikia matone: to, to, to. Akapapasa ukutani, akashika shati lililoanikwa, limegeuzwa ndani nje, kifungo cha juu tu kimefungwa, kama alivyomfundisha mwanawe.

“Baba, mwanangu, ni wewe?”

Akalikamua kwa mazoea, na maji yaliyomtiririka mikononi yalikuwa bado ya vuguvugu.