Sikutaja Jina

Chumba namba mbili cha kituo cha ushauri kilikuwa na viti viwili, boksi moja la tishu na feni moja. Feni ile ililia kuliko wateja. Mwenye chumba alikuwa mama mmoja mpole, mshauri nasaha wa miaka sita kazini. Wateja walimwita Mama Tishu. Hakukasirika. Alisema hicho ni cheo, tena cha kudumu.

Mama Tishu alijua kusikiliza. Hicho kilikuwa kipaji chake cha kwanza. Cha pili hakikuandikwa kwenye cheti chochote: alijua kuigiza watu. Aliigiza madereva, aliigiza mwenye nyumba, aliigiza hata kikohozi cha marehemu baba mkwe wake, kwa heshima zote. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kipaji hiki cha pili ndicho kilichomponza.

Kila Jumanne saa nne asubuhi alikuja fundi cherehani mmoja. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye tepu ya kupimia shingoni kama tai. Mkewe alikuwa amemwacha, na mwaka mzima ulikuwa umepita. Hakumwambia mtu. Dukani alisema mkewe amekwenda kumuuguza mama yake. Ili watu waamini, kila jioni, mbele ya wateja, aliweka simu sikioni na kuongea naye.

"Naongea na nani, dada?" alisema siku ya kwanza. "Simu yenyewe haina hata betri."

Akacheka. Kisha zikatumika tishu nne.

Miezi miwili baadaye, fundi aliingia anatabasamu.

"Dada, hii ni wiki ya tatu sijaigusa ile simu. Nimeifungia kwenye droo ya vifungo."

"Na jioni zikoje sasa?"

"Kimya. Lakini angalau ni kimya cha kweli." Akavutavuta tepu yake. "Nafikiri mwezi ujao nitamwambia kaka yangu. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu."

Mama Tishu alifurahi kupita kiasi. Furaha hiyo akatoka nayo kazini, akaingia nayo nyumbani, na hapo ndipo alipoharibu.

Jumapili mchana walikuwa mezani watatu: yeye, mumewe, na wifi yake, dada wa mumewe.

"Kazi yenu inanichekesha," mumewe alianza uchokozi. "Mtu analia, wewe unaitikia 'mm'. Analia tena, 'mm'. Mwisho wa mwezi unaleta mshahara!"

"Hiyo 'mm' yangu imeponya watu, baba," alijibu. "Tena nina mmoja sasa hivi. Jina silitaji."

Alisema hivyo kwa uzito, kama hakimu. Halafu akachukua kijiko, akakiweka sikioni. Akainamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeshona.

"Ndiyo, mke wangu. Leo nitachelewa kidogo. Nifunikie chakula, eeh?" Akakitazama kijiko. "Na simu yenyewe haina betri!"

Mumewe alicheka mpaka akapaliwa. Wifi alicheka pia, kisha akaweka kijiko chake chini.

"Nifunikie chakula..." wifi alirudia polepole. "Wifi, si yule wa pale kwenye kona? Yule anayenishonea sketi?"

"Mimi sikutaja jina!"

"Hukutaja, wifi yangu. Wala mimi sijasema kitu."

Lakini macho yake yaliwaka. Mama Tishu aliyaona. Angeweza kusimamisha jambo pale pale. Angeweza kusema, "Nimekosea, na maneno haya yaishie hapa." Badala yake alisema, "Nisogezee chumvi."

Jumanne iliyofuata, kiti cha fundi kilikaa kitupu. Jumanne ya pili vilevile. Ya tatu alikuja, lakini hakuketi. Alifunga mlango, akasimama.

"Karibu, kaka," alisema Mama Tishu.

"Alikuja mteja kuchukua sketi," fundi alisema. "Wenzake walikuwa kwenye benchi, wanasubiri. Akaniambia, 'Fundi, mpigie shemeji umpe salamu zangu. Au simu bado haina betri?' Wote wakacheka. Habari ya betri niliisema mahali pamoja tu, dada. Kwenye kiti hiki."

Mama Tishu aliinuka kitini.

"Kaka, wallahi, sikutaja jina."

"Jina?" Fundi alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeletewa kitambaa kisicho chake. "Jina langu limeandikwa mlangoni mwa duka langu kwa rangi nyekundu. Kila mtu analijua. Nilikuletea kile ambacho hakikuandikwa."

"Nisamehe."

"Kaka yangu aliambiwa na watu wa benchi," alisema, na akatoka. Tishu hata moja haikutumika.

 Mama Tishu akaenda kwa msimamizi wa kituo, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, akamweleza yote. Hata kijiko hakukificha.

"Nataka niende dukani kwake nimwombe radhi," alimaliza.

"Usithubutu," alisema msimamizi. "Ukionekana pale, benchi zima litapata sura ya pili ya hadithi. Utaandika barua ya radhi. Mimi nitamwita hapa na kumpa mkononi. Nitamweleza haki yake ya kukushtaki, na ya kupewa mshauri mwingine akitaka. Na wewe utakaa miezi miwili bila wateja, ukijifunza upya."

"Lakini mama, kweli sikutaja jina."

"Mwanangu, siri ya mteja si jina tu. Ni sauti yake, kazi yake, maneno yake, simu yake mbovu. Hata kusema anakuja hapa ni siri. Mwenye kuitoa ni yeye."

"Hata mume wangu nisimwambie?"

"Hata mto wako wa kulalia. Mzigo ukikuelemea, ulete kwangu. Hata hapa tutasema yanayohitajika tu kumsaidia mteja, na vijiko tutaviacha jikoni."

"Na mtu akisema anataka kujiua?"

"Hapo tunaokoa maisha. Akitaka kujidhuru, au kumdhuru mwingine, au mtoto akiwa anaumizwa, tunamwambia anayeweza kusaidia, na huyo tu. Lakini mteja alijue hilo tangu siku ya kwanza, kabla hajafungua mdomo."

Mama Tishu aliinamisha kichwa. Miaka sita alikuwa akisema, "Usijali, niamini." Hakuwahi kueleza zaidi ya hapo.

Aliporudi chumba namba mbili, alianza hivyo. Kila mteja mpya alielezwa kwa maneno mepesi kipi kitabaki chumbani na kipi hakiwezi kubaki. Msichana mmoja alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali matatu, kisha akasema jambo alilolificha tangu utotoni. Alisema kwa sababu alielewa.

Nyumbani, wifi alijaribu tena. "Wifi, tuletee mpya basi!"

"Kazini kwema," alijibu. "Chakula kinapoa. Na wewe, wifi, yale uliyomfanyia fundi tuliyafanya wote wawili. Mimi nilianza."

Wifi akachukua sahani, akaanza kupakua. Tangu siku ya kijiko, Mama Tishu hakuigiza mtu tena, hata kikohozi cha baba mkwe. Meza yao ilipungua kelele.

Na fundi? Alikubali kwenda chumba namba tatu. Anaendeleaje huko? Mama Tishu hajui. Hakuuliza, na angeuliza asingejibiwa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Wiki iliyopita alipita kwenye ile kona. Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akamwona. Haraka akavuta droo, akatoa simu, akaiweka sikioni.

"Ndiyo, ndiyo," alisema kwa sauti, akigeukia ukutani. "Nakusikia."

Mama Tishu alielewa. Safari hii simu ile ilikuwa ya kumkwepa yeye.

Aliinamisha kichwa kama mtu asiyetaka kukatisha mazungumzo ya watu, akapita taratibu, wala hakugeuka nyuma.