Sahani Iliyofunikwa kwa Mama Salomé

Nyumba isiyo na sufuria hainuki sombe. Hilo hata mtoto analijua. Lakini Feza alipofungua mlango adhuhuri ile, akitoka kuchota maji, harufu ya sombe, kisamvu kilichoungwa kwa mawese, ilimpokea kama mwenyeji anayempokea mgeni. Akasimama na ndoo yake kichwani, akanusa tena. Sufuria zake zote, sahani, hata mwiko, vilikuwa bado Kabalo vikisubiri treni, na jiko la nyumba hiyo lilikuwa mafiga baridi yenye utando wa buibui. Akajiambia ni harufu ya jirani iliyoingia dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Tumwelewe kwanza huyu mwanamke. Mtu akihamia mji mgeni, watu humwuliza kama amepata nyumba, kama maji yako karibu, kama majirani ni wema. Nani humwuliza anakula wapi? Feza alitoka Uvira na mimba iliyokwisha kujitokeza, akimfuata mumewe Dany, askari aliyehamishiwa kwenye base, kambi ya jeshi ya Kamina. Nyumba kule base ilikuwa haijapatikana, basi Dany akampangia mjini, naye akawa anakuja mwisho wa juma tu. Mjamzito, peke yake, hana hata kikaango, Kiluba hakijui. Ilimbidi atafute pa kula.

Na alitafuta kweli, kwa kuwa hakuwa mtu wa kula ilimradi tumbo lijae. Alijaribu maharage ya mama mmoja karibu na stesheni, akatafuna mawe. Alijaribu samaki mkavu wa sokoni, chumvi ikamkausha ulimi mpaka jioni. Mahali pamoja penye viti vya kung'aa walimletea kuku aliyekufa kwa uzee. Ndipo jirani yake, Mama Augustine, mjane mkulima wa mihogo ambaye humkosi kwenye misa ya asubuhi, alipomwonea huruma.

"Voisine, weye unateseka bure," alimwambia kutoka uani kwake. "Enda kwa Mama Salomé, ku njia ya reli. Utaona bashi ya bleu. Ule mama anapikaka bukari na sombe, utasahau kwenu."

Mama Augustine alisema kwa nia safi. Alikuwa amerudi jana yake tu kutoka mashamba ya mbali, upande wa Kabongo, na kesho yake akarudi huko huko. Habari za mji zilikuwa hazijamfikia.

Feza aliiona bashi, turubai la bluu, kwa mbali, akafurahi. Chini yake watu walikaa kwenye viti vya plastiki, wanaume wakicheza dama, wanawake wakisonga bukari, ugali wa huko, kwenye sufuria kubwa. Palikuwa na ukimya kidogo, lakini alidhani ni ule ukimya wa watu wanaokula vizuri. Kiti kimoja tu kilikuwa wazi, kigoda cha mti kilicholainika kwa kukaliwa miaka, na mbele yake sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Miguu ilikuwa imemvimba. Akasalimia, akakaa.

Mchezo wa dama ukasimama. Mzee mmoja mwembamba alikuja na jagi na beseni, akamnawisha polepole, kuanzia vidole mpaka kwenye viwiko.

"Weye njo unatoka mbali?" mzee aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, baba. Natoka mbali sana, na niko na njaa."

Mzee akatikisa kichwa, akafunua sahani.

Jamani, chakula kile! Sombe ilikuwa imepondwa mpaka ikawa laini kama siagi, samaki bado ana utamu wa ziwa, bukari moto. Feza alikula mpaka akalamba kiganja. Alipotaka kulipa, mzee aliurudisha mkono wake taratibu. "Hii haiuzishwake, mwana," alisema. Feza akaenda nyumbani akiwasifu watu wa Kamina kwa ukarimu.

Basi kesho yake ndipo harufu ilipoanza. Na pamoja na harufu, chakula kikafa mdomoni mwake. Alinunua mkate, ukawa kama pamba. Alinunua ndizi, akatafuna kitu kisicho na jina. Kila alichomeza kilishuka bila kushibisha, kana kwamba kulikuwa na mtu mwingine njiani anayekipokea. Na kila adhuhuri, katika jiko lile lisilo na chombo, alisikia mwiko ukigongwa kwenye ukingo wa sufuria, ko, ko, ko, jinsi mpishi anavyougonga akishamaliza kusonga.

Halafu watu wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu mzima, amesimama langoni na sahani yake kwapani. Alipomwona Feza alitahayari.

"Pardon, mama," alisema. "Sijue juu ya nini nimekuja huku. Miguu njo imenileta."

"Unatafuta nani?"

"Sijue. Nilikuwa na njaa tu." Akaondoka haraka, lakini kesho yake alirudi, na wengine nyuma yake, wote kimya, wote na sahani.

Feza aliogopa, lakini hofu yake kubwa haikuwa ile ya langoni. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpima, akakunja uso. "Mama, weye unapungua, na mutoto anakulia ndani yako. Kama hauna kitu, yeye atakula nini?" Maneno hayo yalimchoma. Dany alikuwa amechelewa kupata mtoto, na yeye pia, na huyu walikuwa wamemlilia kwa Mungu. Angevumilia majini yote ya Kamina, lakini si kumpoteza mtoto huyu kwa njaa huku yeye akila.

Akampigia Dany simu. Dany akamwambia apande pikipiki aende base siku hiyo hiyo. Feza akafunga mlango, akapanda, akamwambia dereva asisimame popote. Walipopita kwenye njia ya reli alijiona, alijiona kabisa kama anavyomwona mtu mwingine, akimpiga dereva begani, akishuka, akivuka mataruma ya reli, akipiga magoti chini ya bashi ya bluu na kupuliza moto. Wanawake waliokuwa hapo wakampisha bila neno. Alipopata fahamu mikono yake ilikuwa na masizi. Alijaribu tena kwa miguu, kwa njia ya sokoni. Akajikuta pale pale. Akajaribu kwa nyuma ya kanisa, njia ambayo haigusani kabisa na reli, na moshi wa moto ule ule ukamwingia machoni. Mji mzima ulikuwa umebaki na njia moja, na mwisho wake ulikuwa mafiga.

Jioni hiyo alijifungia ndani. Jua lilikuwa halijazama vizuri aliposikia mwiko tena, na safari hii haukuacha. Akasema moyoni hatakwenda, akashika kitanda kwa mikono miwili, akaanza kusali Salamu Maria, lakini harufu ya mawese ilizidi kuwa nzito na joto la jiko likapita chini ya mlango na kumfikia miguuni, na katikati ya sala aligundua kwamba hakuwa tena kitandani, alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, na mbele yake mwanamke mnene alikuwa ameinama juu ya mafiga, amempa mgongo, amevaa kitenge chake yeye Feza, kile alichokuwa amekivua asubuhi, na mwanamke yule bila kugeuka, kwa sauti ya uchovu ya mtu aliyepika tangu alfajiri, akasema, "Leta chumvi."

Na Feza akatazama mkono wake, akaona tayari umeshika chumvi.

Asubuhi Mama Augustine alirudi kutoka shambani. Alimkuta jirani yake amekaa kizingitini, macho yameingia ndani.

"Voisine, unagonjwa?"

"Tangu nilipokula kwa Mama Salomé, mama. Pale uliponituma."

Mama Augustine alikuwa ameshasikia habari njiani. Akalitua jembe chini. "Mama Salomé alikufa," alisema kwa kunong'ona. "Ile haikukuwa resto, mwana. Ilikuwa kilio yake, matanga. Ulikala wapi?"

"Kwenye kigoda. Njo kilikuwa wazi."

"Balikunawisha?"

"Mzee mmoja. Mpaka kwenye viwiko."

Mama Augustine akafanya ishara ya msalaba. Kisha akamshika mkono, wakaenda kwenye nyumba ya marehemu.

Yule mzee aliitwa Papa Kyungu, kaka wa marehemu, mwimbaji wa kwaya ya parokia. Alipoelezwa aliketi chini. Alikuwa na aibu zaidi kuliko hofu, maana mambo haya hayasemwi mbele ya padri. Katika ukoo wao, alieleza, mtu akifa na kazi yake mkononi, sahani yake hufunikwa mbele ya kiti chake mpaka mmoja wao akae, anawishwe na ale. Hiyo ndiyo kupyana. Anayekula anamrithi marehemu, kazi na roho. Na anayekikaribia kiti hicho hazuiwi wala hasemeshwi mpaka akae, kwa kuwa lazima aje mwenyewe.

"Priscille, mutoto ya Salomé, alikatala," alisema. "Tukatuma bamuite Tshiala, mutoto ya dada yetu wa Malemba-Nkulu. Hapa hakuna mwenye anamujua sura. Weye ulipofika, ukasema unatoka mbali, nikawaza njo yeye. Tshiala mwenyewe hajafika mpaka leo."

"Sasa nitatokaje, baba?"

"Kama mutoto wa damu anakala na anakula, wa kigeni anaachiliwa. Lakini siwezi kumulazimisha."

Priscille alikuwa ndani, akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Alitoka na kalamu mkononi, mwembamba kama mjomba wake.

"Mama hakukulaka na siye hata siku moja," alisema bila kumtazama mtu. "Alikuwa anapikia Kamina yote, njo yeye anakula ukoko, amesimama. Ule moto ulimukula. Minyi nilisema sikalie ile kiti, na nilisema kweli."

Feza angemwombaje mtu aingie kwenye tundu ambamo yeye mwenyewe analia atolewe? Aliona haya, akalia. Priscille akageuka, akalitazama lile tumbo kwa muda mrefu.

"Lakini mutoto hakuomba kukuja huku," alisema. Akaweka kalamu mezani.

Walifanya siku hiyo hiyo, jua likiwa utosini. Papa Kyungu alimnawisha Feza kinyume, kutoka kwenye viwiko kuja vidoleni, maji yakamwagwa nje ya bashi. Kisha akamnawisha Priscille, akamkalisha kwenye kigoda, akafunua sahani nyingine iliyoandaliwa. Priscille alikula huku machozi yanamtiririka, tonge baada ya tonge. Alipomeza la mwisho, Feza alihisi kitu kizito kinaondoka mabegani mwake. Akajilamba mdomo. Chumvi! Alisikia chumvi ya machozi yake mwenyewe, na furaha ikamjaa mpaka akacheka kwa sauti. Mama Augustine akamletea sahani, naye akala, na kila kitu kilikuwa na ladha yake.

Ilibaki jambo moja. Mrithi akishakula huitwa kwa jina la marehemu, naye huitika "karibu", na hapo watu hujua kwamba roho imepata mahali pa kukaa. Papa Kyungu akainama mbele ya mpwa wake.

"Salomé," aliita.

Priscille alingoja. Akajisikiliza. "Papa Kyungu, minyi sisikie kintu," alisema mwishowe. "Niko minyi tu."

Watu wakatazamana. Papa Kyungu akaita tena, kwa nguvu zaidi, "Salomé."

Ndani ya tumbo la Feza mtoto akageuka. Hakupiga teke kama siku zote. Aligeuka mzima mzima, polepole, jinsi mtu aliyeinamia kazi anavyogeuka akiitwa jina lake, na kitenge kikasogea watu wote wakiona. Wanawake wakarudi nyuma. Mama Augustine akashika rozari yake, asiweze kuanza sala. Papa Kyungu alinyoosha mkono kama anayetaka kumgusa, akaurudisha.

"Ile siku," alisema, "mulikula bawili."

Feza akasimama. Hakuna aliyemzuia. Alitoka chini ya bashi, akavuka reli, akaenda njia ya sokoni, na miguu ikamtii. Akaenda njia ya base, ikamtii. Angeweza kupanda pikipiki, angeweza kwenda Uvira leo hii na kulala kitandani kwa mama yake, njia zote za Kamina zilikuwa zimefunguliwa, na alisimama katikati ya zile njia akiwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, asione hata moja ambayo angeipita peke yake. Kisha alirudi, kwa hiari yake, akakaa penye sahani aliyoiacha. Alikuwa na njaa kali. Akala, na hakujua tena ni njaa ya nani.