Rundo la Zenon

Kila asubuhi Walenty alipeleka maziwa barabarani, na kila asubuhi roho ilimuuma. Kando ya shamba la jirani yake, Zenon, lilikuwapo rundo refu la viazisukari likingoja malori ya kiwanda cha sukari. Huko Kujawy, mkoa wa wakulima Ulaya, kila mkulima hupima rundo la mwenzake kwa jicho, ila hakuna anayekiri.

"Limezidi la mwaka jana," alimwambia mkewe, Bronia, wakila supu. "Langu ni la kuchekwa na kunguru."

"Kula, baba. Rundo la watu likukoseshe chakula?"

Zamani kila mkulima alipangiwa kiasi cha viazi ambacho kiwanda kingenunua kwa bei nzuri. Mwaka ule viwango hivyo vilifutwa Ulaya nzima, na Zenon akapanda kila mahali. Sasa kijicho kilimpa Walenty shauri: auze ng'ombe wake wote, alime shamba la majani yao apande viazi, na kwingine avirudie palepale alipotoka kuvivuna.

"Na watoto wanywe nini, sukari?" Bronia aliuliza.

Walenty hakumsikia. Akatangaza kuwa anauza ng'ombe. Jumapili baada ya misa mnunuzi alikuja, naye ni Zenon.

"Hata ng'ombe wangu unawataka?" Walenty alisema. "Rundo lote lile halikutoshi?"

Zenon akakalia ndoo. "Nyumba njema si mlango, jirani. Viwango vilipofutwa kila mtu alipanda, hapa, Ujerumani, Ufaransa. Sukari imejaa sokoni, bei imeanguka. Viazi ninavyo, lakini nikishatoa gharama za mbolea na dizeli nabaki na matope viatuni."

"Si upande tena ufidie?"

"Nipande wapi? Nilirudia shamba lilelile, minyoo imeingia mizizini. Lazima nilipumzishe miaka kadhaa, nipande ngano na majani. Sasa majani bila ng'ombe, nile mimi?"

Walenty alifurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi.

"Ng'ombe hawauzwi," alisema.

"Si umetangaza?"

"Nimetangua."

Msimu uliofuata aliuliza bei kiwandani kabla ya kupanda. Aliweka mkataba wa viazi vya robo tu ya shamba, mahali palipokwisha pumzika. Kwingine alipanda ngano, na majani ya ng'ombe hakuyagusa. Vuli ilipofika bei ya viazi ilishuka tena, lakini maziwa yaliwalisha, na ngano ikawanunulia kuni za baridi.

Siku moja Zenon alikuja akasimama mlangoni pa zizi. Aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja. Walenty aliyatambua macho yale; ndiyo aliyokuwa akilitazamia rundo.

"Mchukue yule ndama jike mwekundu," alisema. "Utanilipa kwa majani, polepole."

"Mbona huruma ya ghafla?"

"Huruma gani? Nataka uwe na wako wa kutazama. Ukiendelea kuwakodolea hivi wangu, maziwa yatakauka."